Neno la Daktari kwa Mzee Masanja

Mwanjelwa, Jumanne jioni

Mimi, mwalimu wa Kiingereza, nimetafsiri vibaya maneno ya daktari.

Asubuhi jirani yangu, Mzee Masanja, aliniomba nimsindikize hospitali kwa mkewe aliyelazwa, maana daktari ni mgeni na hajui Kiswahili. Daktari akasema, "We will keep her comfortable." Nikamwambia mzee, "Watahakikisha mama anastarehe." Akafurahi, akawapigia wanawe Usangu: "Msihangaike kuja, mama yenu anapata nafuu."

Mchana nilikuwa nafundisha tafsida za Kiingereza, namna wanavyolainisha habari mbaya. Nikiwa naandika mfano wa kwanza ubaoni, nikaelewa. Daktari hakuahidi kumponya. Alisema kilichobaki ni kumpunguzia maumivu tu.

Nilitamani kukimbilia nyumbani nijifungie. Lakini nikarudi hospitali. Daktari akathibitisha. Mzee nilimkuta nje ya wodi, anammenyea mkewe chungwa.

"Mzee, shikamoo. Asubuhi nilikosea. Daktari alimaanisha mama hatapona."

Aliacha kumenya, kisu mkononi. "Sasa mbona hakusema hivyo?"

"Alisema, mzee. Kiingereza chao ndivyo kinavyosema."

Akanipa simu yake. "Waambie wewe watoto. Mimi siwezi. Na usizungushe maneno."

Nikawaambia. Mkubwa wao alilia, kisha akasema watapanda gari la kwanza alfajiri.

Mzee amebaki hospitali, na ana namba yangu. Simu yangu iko hapa mezani, naiogopa. Ee Mungu, isilie kabla watoto hawajafika.