Samadi ya Kuazima

Dada Mwanahawa, shikamoo.

Huku Mahege jua na mvua vinagombania siku moja. Mjomba kapanda mahindi na kunde pamoja, malisho ya mbuzi ambao hata hajawanunua. Mbolea ya chumvichumvi siku hizi anauza hadi mpika maandazi, lakini bwana shamba kasema lazima ichanganywe na samadi. Mtani wa mjomba, Mmatumbi wa Bungu, akamletea ng'ombe wake: "Mwache humo shambani, samadi atakutilia mwenyewe." Ng'ombe akala shamba zima, ndipo akatia. Mjomba kavimba, lakini mtani humkasirikii! Sasa kashika kopo la chumvichumvi, ananiuliza tukishachanganya tumwagie nini.

Wanao nawakumbuka mno. Zile kunde nilizokuahidi nakuletea, ila zimepitia kwa ng'ombe.

Mdogo wako, Saidi