Binti wa Mama Daniel

Jumanne, 14 Mei

Baridi kali. Maji ya kuoga yamepoa kabla sijamaliza. Mama Daniel, mwenyeji wangu, amenifungia makande ya kula shuleni, mengi ya kutosha watu watatu. Wiki yangu ya tano hapa Tlawi na bado ananilisha kama mgonjwa.

Darasani watoto wamenicheka tena. Baadhi ya alama za lugha ya viziwi nilizokuja nazo kutoka Kenya hapa zina maana nyingine kabisa. Nilidhani nimewauliza kuhusu mvua. Nilichosema wanakijua wao. Mwenye kujitolea kufundisha ndiye anayefundishwa.

Kusoma midomo kumenishinda. Kiswahili cha wenyeji nakipata nusu. Wakigeukia Kiiraqw, lugha yao ya nyumbani, nanyoosha mikono: sauti nyingine zinatoka kooni, na koo halionekani. Mama Daniel ameliona hilo. Akitaka kuniambia jambo anaandika kwenye daftari, polepole, kwa mwandiko wa darasa la saba. Nampenda huyu mama.

Alhamisi, 16 Mei

Lazima niandike sasa.

Tulikwenda Masieda kwa bodaboda, mimi na Mwalimu Safari. Yeye anasikia, lakini mikono yake inaongea vizuri kuliko ya viziwi wengi. Tunatafuta watoto viziwi waliobaki majumbani ili waandikishwe shule. Mwenyekiti wa kitongoji alitutajia nyumba tatu. Katika mbili za kwanza tulikuta watoto. Kuhusu ya tatu alisema tu, "Kuna bubu pale."

Hakuwa mtoto. Mwanamke mzima, labda miaka thelathini na mitano, amekaa uani anapukuchua mahindi. Mimi na Mwalimu tulikuwa tunabishana kwa alama, tuingie au tusubiri. Akaiona mikono yetu. Gunzi likamtoka. Alikuja mbio, akanishika viganja, akavigeuza huku na huku kama anayetafuta nilichoficha ndani.

Nikagusa sikio langu, nikatikisa kichwa. Akagusa lake. Akatikisa. Kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Na mimi vilevile.

Hajui alama hata moja ya shule. Jina lake mwenyewe halijui.

Mwalimu alimwamkia mwenye nyumba, mzee mmoja mpole, wakaongea kwa muda. Kisha akanigeukia, akanieleza kwa alama.

"Anasema ni mtoto wa dada yake. Anaitwa Elizabeti. Mama yake yuko Tlawi."

"Tlawi wapi?"

"Unakokaa wewe. Ni Mama Daniel."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Njia ya kurudi siikumbuki. Nimefika, nimesema naumwa kichwa, nimejifungia.

Ijumaa, 17 Mei

Aliniambia ana watoto wanne, wote wa kiume. Picha zao ziko sebuleni. Nimezitazama asubuhi hii, moja moja.

Daniel si mtoto wake wa kwanza. Mwenye haki ya mama kuitwa kwa jina lake anapukuchua mahindi Masieda. Kila siku watu wanapita wanasema, shikamoo Mama Daniel, naye anaitika marahaba.

Chakula chake sili. Nimeacha makande kwenye meza. Amenitazama, ameyafunika. Nadhani anajua.

Jumamosi, 18 Mei

Nimefunga begi. Halafu nikaona siwezi kuondoka kimya kama mwizi. Nikachukua daftari letu, nikaandika: "Nimemwona Elizabeti."

Alikaa chini sakafuni. Mtu mzima, miaka sitini na kitu, akakaa sakafuni kama mtoto.

Aliandika muda mrefu. Nanakili hapa kama alivyoandika.

"Alikuwa na miaka minne. Baba yake alisema watu watatucheka. Nikampeleka kwa kaka yangu, nikasema ni kwa muda. Nilienda kumwona mara mbili. Mara ya pili alining'ang'ania gauni, wakambandua. Sikuweza kwenda tena. Mume wangu alipofariki, niliona aibu kumfuata."

Nikaandika: "Sasa kwa nini ulikubali nikae kwako?"

"Shule ilitafuta nyumba ya kukupokea. Nilitaka kuona mtu kama yeye anaishije. Ulipofika ukapika, ukafua, ukasoma gazeti. Siku ile nililia zizini."

Nilitaka kumpiga. Niandike ukweli, hakuna atakayesoma. Nilitaka kumpiga, na mkono uliokuwa tayari kumpiga ndio nilioutumia kumwinua.

Begi bado limefungwa.

Jumamosi, 25 Mei

Tumekwenda Masieda watatu, pamoja na Mwalimu. Mama Daniel alivaa gauni la kanisani. Njia nzima nilimwona akisogeza midomo, nadhani alikuwa anasali.

Nilijiandaa kwa kilio, kwa hasira, hata kwa kofi. Sikujiandaa kwa hili: Elizabeti hakumtambua. Alimletea kigoda. Akamletea maji ya kunawa, akainama kidogo kwa heshima, kama anavyopokewa mgeni yeyote. Kisha akaja kukaa karibu yangu, akaanza kunionyesha ng'ombe kwa mikono yake, mmoja mmoja, kila mmoja na alama yake aliyoibuni.

Mama Daniel alinawa. Maji yalikwisha, akaendelea kusugua mikono mikavu.

Mwalimu alimwomba mzee ruhusa ya Elizabeti kuja Tlawi. Mzee alisema, "Muulizeni mwenyewe." Tukamwuliza kwa kuchora, kwa vidole, kwa kuigiza safari. Alielewa. Akaonyesha ng'ombe, akaonyesha wajukuu wa mjomba wake, akakanyaga ardhi mara mbili kwa nguvu.

Hapana.

Sikuwahi kufikiria kwamba angeweza kukataa. Nimeona aibu. Mimi niliyekuja kuwatetea viziwi.

Jumapili, 9 Juni

Shule imefungwa. Mama Daniel yuko Masieda tangu Jumatatu, anasaidia kuvuna maharage. Alijipeleka mwenyewe. Kaka yake amempa chumba.

Nilipita jana. Walikuwa wanapepeta, mmoja huku, mmoja kule, hawatazamani. Elizabeti bado hajui huyu ni nani kwake, au anajua na ananyamaza. Mama ameshajifunza alama za ng'ombe watatu. Ya wa nne alikosea. Elizabeti alimshika vidole akamrekebisha, kisha akarudi kwenye ungo wake.

Leo nimefagia, nimelisha kuku, nimeanika nguo. Begi nimelifungua. Jioni nimesonga ugali mwingi mno, nikakaa nao mezani peke yangu.

Bado nimemkasirikia. Nimemkumbuka pia.