Majirani Walishangilia Kwanza

Mdogo wangu mpenzi,

Nakuandikia nikitumaini kwamba huko angani u buheri wa afya. Sisi tu wazima, na paa limekwisha kuezekwa.

Jana tulitazama mkirushwa, moja kwa moja, kwenye simu ya shangazi. Mama, ambaye hajapokea simu yako tangu uchague kazi hiyo, alijifungia jikoni. Roketi ikiwa bado chini, picha ikaganda. Mara majirani, ambao mtandao wao una kasi, wakapiga vigelegele.

Mama akatoka mbio. "Mwanangu kapaa salama?"

"Kapaa, wifi! Simu yangu ndiyo inayotembea kwa magongo."

Picha iliporejea, mama aliutazama ule moto bila kupepesa jicho, kwa kuwa habari njema ilikwisha kutangulia. Kisha akasema, "Akipiga, nipeni mimi."

Basi piga, mdogo wangu.

Ni mimi, kaka yako.