Maji ya Pipa la Maman

Kadutu, Bukavu

Dada yangu Eulalie,

Pokea salamu zangu. Mugongo wako unaendeleaje? Na watoto huko Katana? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe, lakini mimi nimechoka mpaka mifupa. Kupanda kilima hiki, kazi ya labo, kupima mikrobi bila umeme, kisha simu zako juu ya Ghislaine, muke wa mwana wako Élie. Ninaandika kwa sababu kwa simu unanikatia.

Unasema tangu tumuzike Maman, muhogo unaouloweka unatoka ndani ya pipa mugumu kama jiwe, wateja wa unga wamekukimbia, na muke wa Élie ndiye ameleta mukosi. Ukamufukuza. Ee Dada! Alifika kwangu na nguo zake na kibidoni kimoja cha plastiki, akalia mpaka chai ikapoa. Élie akirudi kutoka Shabunda, utamuambia nini?

Nguvu za kugombana sina, acha nikuelezee tu. Ndani ya muhogo kuna gundi inayoitwa pektini, ndiyo inashikamanisha chembe zake. Mikrobi za maji ya zamani zinatoa enzimu, enzimu zinaikata gundi ile, muhogo unalainika. Ndiyo maana Maman hakumwaga maji yote hata siku moja. Na wakati wa matanga, nani alisugua pipa kwa Javel, dawa ile kali ya kuua mikrobi, ili watu wa parokia wasisikie harufu? Ni wewe, na mpaka leo unalisugua hivyo kila mara. Ulifanya kwa heshima, ninajua. Lakini mikrobi zote umeziua, mukosi hakuna.

Sasa kuna jambo ambalo hata mimi sikulijua. Juzi niliweka muhogo wa soko ndani ya ndoo, Ghislaine akamiminia kidogo kutoka kibidoni chake. Ulilainika vizuri, na chumba kizima kikanuka nyumba ya Maman. Nililia, Dada. Nilipomuuliza, akasema Maman mwenyewe, kitandani, alimutuma akijaze maji ya zamani kutoka kwenye pipa, akamufundisha kukilisha vipande vya muhogo. Hakukuita wewe, wala mimi. Alimuita yeye.

Nilitaka kukutumia nusu ya maji hayo kwa mutu wa moto, yule wa pikipiki. Ghislaine amekataa. Sehemu yako ameshaitia katika chupa, lakini ataileta mwenyewe, siku utakayomuita arudi nyumbani.

Nikumbatilie watoto. Anakusalimia, na ni yeye aliyeniambia nisisahau kuuliza mugongo wako.

Mudogo wako,
Colette