Treni ya Papa Zacharie Iliyofika Beni

Mwaka umetimia, Papa Zacharie, tangu asubuhi ile ya ukungu ulipotuacha hapa mtaani Rughenda, penseli ikiwa bado nyuma ya sikio. Tunaandika haya tukijua ungeyasoma na misumari mdomoni, kisha ungetuambia tumeanza na sentensi ndefu mno.

Wengi walikufahamu kama mwalimu wa useremala. Miaka thelathini na mmoja uliwafundisha vijana wa Butembo kushika randa na kuheshimu mbao. Ulipostaafu, Mama Agar alidhani sasa amepata mume wa kukaa naye barazani. Kumbe alipata fundi wa kutwa. Kabla ya chai ulikuwa umeshapanda ngazi kuutazama mfereji wa mvua, na baada ya chai ulikuwa mlangoni pa jikoni ukiisikiliza bawaba kama daktari anavyosikiliza kifua. Misumari iliyopinda uliinyoosha juu ya jiwe, ukasema msumari una haki ya kutubu.

Kiti ulichotengeneza hukukirudisha kwa mwenyewe mpaka ukikalie na kusali Salamu Maria nzima. Kikilia kabla ya Amina, kinarudi mezani. Jirani yetu Marie-Jeanne mpaka leo hudai kwamba kiti chake kimeombewa kuliko yeye.

Mchana, baada ya bugali na maharage, ilikuwa zamu ya treni. Butembo haina reli, na hilo halikukusumbua hata kidogo. Uliiona treni ulipokuwa mwanafunzi Kisangani, ng'ambo ya mto, na moyo wako ukabaki huko. Basi sebuleni, juu ya meza ndefu, ukatujengea ya kwetu. Ukaweka kituo cha Butembo na maduka yake na pikipiki za waya, kisha vilima vya unga wa msumeno na gundi, kisha Maboya, kisha Kabasha, vijiji vya njiani kwenda Beni. Treni yenyewe ilikuwa ya libuyu, ule mti mwekundu mgumu, nayo ilivutwa kwa uzi uliouzungusha na mkono wa cherehani ya Mama. Mkono huo uliuazima bila kuomba.

Reli iliishia Kabasha. Mgeni akiuliza kwa nini treni haifiki Beni, ulijibu kwamba mbao zimekwisha. Nyuma ya nyumba zilikuwepo mbao za kutosha kujenga kanisa, na sisi sote tulijua.

Beni alikuwako Séphora, mtoto wako wa kwanza. Alikuwa amempenda Omer, mwalimu aliyetumwa Beni kutoka Mbandaka ya mbali, na Omer alipokuja kuposa alikuja na bahasha ya pesa. Hakuwa mtu mbaya, hakujua tu. Kwetu mbuzi wa mahari ndio wanaokutanisha koo mbili. Bahasha haina miguu, haiwezi kuingia kwa mlango wa uzio watu wakaiona. Ukamrudishia bahasha yake mbele ya wajomba. Naye akaona amefukuzwa, akarudi Beni, na Séphora akamfuata. Hapo ndipo ulipoapa kwamba Beni hutakanyaga tena, ukakataza mtu yeyote kukuita Papa Séphora. Ukawa Papa Jean-de-Dieu, kwa jina la mtoto wa pili. Chumba cha Séphora kikajaa magunia ya maharage.

Miaka minne, Papa. Mama Agar aliongea na binti yake kwa simu akiwa jikoni, sauti chini, na ni jikoni humo alimoambiwa kwamba amekuwa bibi wa mtoto anayeitwa Bénite. Wewe ulijifanya husikii. Lakini Mama alikuwa na masikio pia, na alisikia kwamba kila simu ikilia, randa yako inanyamaza. Hiyo ndiyo iliyompa moyo. Hata hivyo alikujua: neno likishatoka kinywani mwako lilikuwa limepigiliwa msumari, na alianza kuogopa kwamba mmoja wenu atazikwa kabla halijang'olewa.

Ndipo ikaja Jumamosi ile. Asubuhi uliurekebisha mfereji, ukafunga bawaba mpya jikoni, ukanyoosha mguu wa benchi. Mama alikwenda sokoni akiwa na amani. Aliporudi alikuta vumbi la matofali juu ya makochi, na katika ukuta wa sebule, usawa wa meza yako, tundu la ukubwa wa sufuria. Alitua kapu lake taratibu. Alijiambia kwamba uzee sasa umekuingia kichwani, na akaketi.

"Papa Jean-de-Dieu, ukuta yangu ilikukosea nini?"

Ulitoa misumari mdomoni, jambo ulilolifanya kanisani tu na penye neno zito.

"Reli inapashwa kupita, Agar. Beni iko ngambo."

Ng'ambo ya ukuta ule ni chumba cha Séphora. Mama alizunguka kwa ukumbi, akakuta mlango wazi, magunia yameondolewa, sakafu imefagiliwa, kitanda kilichokuwa kimevunjika mguu kimesimama wima. Chini ya dirisha palikuwa na meza mpya, na juu yake kituo kidogo chenye paa la bati la mkebe wa sardini, kimeandikwa BENI kwa herufi zako za ubaoni. Mama Agar alilia, wala haoni haya tukilisema hapa. Kisha, kwa kuwa ni mke wako, alirudi kukuuliza kuhusu kiapo.

"Niliapa kama miye sitakanyanga Beni," ukamjibu. "Treni haikuapa. Pigia batoto simu."

Omer hakuwa mwepesi. Alimwambia Mama kwamba aliyefukuzwa kwa mkono haitwi kwa kupitia mtu mwingine. Mikono yako ilikuwa na gundi, basi Mama akakushikia simu sikioni. Ulimwambia kwamba chumba kiko tayari, na kwamba yeye kama mwalimu anajua mwanafunzi asiyefundishwa somo hawezi kulaumiwa kwa kulikosa. Kisha ukaongeza kwamba wa kulaumiwa ni mwalimu. Mama alisikia kila neno.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wakafika, Bénite amelala begani mwa baba yake. Hukuwa na salamu ndefu. Uliwatuma Omer na Séphora "Beni", yaani chumbani, ukafunga mlango, ukabaki Butembo na mkono wa cherehani. Kule kituoni walikuta mbuzi wa libuyu, mdogo kama kidole gumba, kamba shingoni. Sauti ya Omer ikaja kwa tundu.

"Papa, mbuzi hii nafanya nayo nini?"

"Umupandishe mu treni. Mbuzi inatoka kwa mwanaume, inakuja kwa baba ya binti. Ni vile inafanywaka."

Ukazungusha. Treni ikaondoka Beni vizuri, ikaingia ukutani, ikakwama. Wewe uliyepima kila kitu mara mbili, uliyetufundisha kwamba msumeno hauombi msamaha, ulisahau kupima pembe za mbuzi. Ulizungusha tena, uzi ukakaza. Hakuna aliyethubutu kucheka. Ndipo Séphora alipotia mkono tunduni kumwinamisha mbuzi, na vidole vyake vikatokea upande wetu, vyeupe kwa vumbi. Mbuzi akapita. Hukumshika. Ulishika ule mkono, ukakaa nao muda wa Salamu Maria nzima, na tena nyingine.

"Papa Séphora, achilia mutoto," Mama akasema. "Chakula inapoa."

Hukumkataza kukuita hivyo.

Mezani ulimwambia Omer kwamba mbuzi wenye uhai watakuja siku yao, bila haraka, hata ukiwa hupo, mradi waingie kwa mlango wa uzio. Ulikaa nasi miezi minne zaidi. Kila Jumamosi treni ilikwenda Beni na kurudi, mara na karanga, mara na pipi ya Bénite, na ulipougua Séphora alilala katika chumba chake, karibu na wewe, ukuta mmoja tu kati yenu na tundu ndani yake. Tulikulilia sana, Papa. Bado tunakulilia, ila hatukulilii kwa majuto, na Mama Agar anasema hiyo ndiyo fanicha nzuri kuliko zote ulizomwachia.

Jumamosi hii, baada ya misa ya kumbukumbu yako, Omer analeta mbuzi. Amechelewa kwa sababu aliwafuga mwenyewe, na mdogo wako Abdias atapokea kamba kwa niaba yako, mlangoni pa uzio, watu wote wakiona. Majirani na wanafunzi wako wa zamani wanakaribishwa. Watakaokalia viti vyako wasiogope.

Jean-de-Dieu alikuja juzi na saruji na mwiko wa kujengea ili kuziba tundu kabla ya wageni. Mama Agar alimpokea vizuri, akamsifu, akamwonyesha kizingiti cha mbele kilichomeguka. Saruji yote ikaishia hapo.

Tunaokuwaza: mke wako Agar, watoto wako Séphora na mumewe Omer, Jean-de-Dieu na mkewe Rébecca, mjukuu wako Bénite, ambaye sasa ndiye anayezungusha mkono wa cherehani, mdogo wako Abdias na ukoo mzima wa Butembo na Beni.

Pumzika kwa amani, Papa Séphora. Daima utakuwa nasi, na tundu hatulizibi.