Jiwe la Moto Kisiginoni

Jumatatu, 4 Novemba

Daftari langu, niwie radhi. Tangu kupandikiza mpunga sijakugusa — tumbo, kutapika, uchovu. Leo nimelazwa hospitali, binti yangu wa siku moja kanilalia kifuani.

Alikaa kitako tumboni, akakataa kugeuka. Jana wakanipasua. Nikiwa macho! Nesi wa ganzi, Vilayphone, aliniambia nijikunje kama paka. Sindano moja mgongoni. Joto likashuka mapajani, kisha — sina miguu! Akanigusa kwa barafu. Begani: baridi. Tumboni: kuna kitu kinagusa, baridi haipo. Imekwenda wapi? Nikamwuliza. Akacheka: haijaenda popote, dada, ni habari tu haifiki kichwani. Nilisikia wanavyovuta, kama mtu anayepekua kikapu. Maumivu, hata chembe.

Kisigino cha kulia kinaniwaka. Hilo kesho.

Jumanne, 5 Novemba

Mama mkwe, Mama Sengdao, alinishika miguu nilipotolewa chumba cha upasuaji. Imelala fofofo. "Mwanangu, mzazi haachwi apoe hivi!" Nyumbani kitanda cha mianzi kinanisubiri, makaa chini yake, kama alivyolala yeye alipomzaa Somphet wangu. Wodini moto marufuku. Basi akapasha jiwe kwenye jiko la wapishi uani, akalifunga kitambaa, akaniwekea kisiginoni.

"Unasikia joto?"

Sikusikia kitu. "Nasikia, Mama. Vizuri sana." Nimfurahishe tu!

Vilayphone ndiye aliyenusa. Ngozi ilikuwa imeshaiva. Mama akatoka bila viatu, hajarudi.

Jumatano, 6 Novemba

Daktari kaja. Kesho saa tatu wanakata nyama iliyokufa. Kama ngozi itaota yenyewe, au watabandua ngozi ya paja — hajui mpaka afungue. Nitatembeaje mashambani na kisigino cha viraka?

Safari hii Vilayphone atalaza mguu mmoja tu, sindano nyuma ya goti. Sindano inajuaje mguu upi? Akanionyesha kwenye kioo cha mashine: mshipa wa fahamu, kama uzi mweupe. Huo wa kwako, asema. Nimeutazama sana. Ndio unaobeba habari zangu zote za chini!

Mguu utalala mpaka jioni. Lazima mtu aulinde: usiguse moto, nisiukanyagie. Somphet kaleta maneno ya mama yake: "Mikono yangu isimguse tena mkwe wangu." Nikamwambia, jiwe aliliweka yeye, lakini uongo niliusema mimi. Mlinzi mwingine simtaki.

Somphet anawasha pikipiki. Nimemwandikia vya kuleta:

wali wa kunata, kikapu kimoja
kuku wa kuchoma, chumvi tupu
nepi za kitambaa, sita
sketi yangu ya zamani, ile pana
viatu vya Mama, viko hapa mlangoni — hivi avipeleke
Mama mwenyewe, kabla ya saa tatu
jiwe. Aniwekee begani, ninakosikia.