Kichwa Hakiguswi Hivihivi

Nausori, 4 Mei

Mwanangu Vini,

Hujambo mama? Kifua kimepona na baridi hiyo ya Australia? Mimi mzima, ni goti tu linaninung'unikia. Kanisani wananiuliza, "Vini ameshavaa sare ya unesi huko?" Nawajibu ndiyo, tena ni mkubwa wao. Nimesema kweli, au nimemdanganya mchungaji? Nijibu upesi, usingizi hauji.

Mama yako

Toowoomba, 19 Mei

Shikamoo mama,

Mimi sijambo. Lakini hapana, mama. Cheti changu huku hakitambuliki. Katika nyumba hii ya wazee, juu wako manesi wenyewe, wenye funguo za dawa na kazi ya kudumu. Chini tuko sisi wa visiwa vya Pasifiki, mkataba mfupi, bila ruhusa ya kubadili mwajiri: tunaosha, tunalisha, tunageuza. Niliuliza njia ya kupanda cheo, msimamizi akacheka: "Nyie mna mikono ya upole, mnafaa hapohapo."

Tena kuna jambo. Kabla ya kumwosha bibi mmoja nywele nilisema "tilou" na kupiga makofi polepole, kama ulivyonifunza kumwomba radhi mkubwa kabla ya kumgusa kichwa. Bintiye akadhani namroga mamake! Nimepewa onyo. Lugha ya kwetu marufuku kazini. Nikirudia, narudishwa Fiji.

Mwanao Vini

Nausori, 2 Juni

Mwanangu,

Salamu baadaye. Nyamaza! Hiyo "tilou" isemee moyoni. Kule kiwandani nilikoshona mashati, sisi wa chini tulikatazwa kuimba. Tukaimba puani, bosi akadhani ni cherehani. Hakuna aliyepandishwa ofisini, ila hakuna aliyefukuzwa. Nduguyo Jone anasoma kwa mikono yako. Ukirudishwa, je? Usinipandishe presha, mama. Nyamaza.

Mama yako

Nausori, 11 Agosti

Vini, mbona kimya? Unaumwa, au nimekuudhi? Andika hata mstari mmoja.

Mama

Nausori, 26 Agosti

Mwanangu,

Usishtuke, niko hai. Nakuandikia kwa simu ya jirani, Mama Sera, barua itachelewa. Juzi niliteleza kwenye ngazi za kanisa, kichwa kikapasuka. Zahanati manesi wameisha, wako huko kwenu wanaosha wazee. Kabaki binti mwanafunzi peke yake, na foleni hadi barabarani. Akanishika kichwa kama anayechagua nazi sokoni, akashona. Hakuomba radhi. Mama Sera akanicheka: "Wewe Unaisi, nyuzi tano tu unalia!" Sikuwa nikililia sindano.

Nikamkumbuka yule bibi unayemwosha nywele. Naye ana kichwa.

Barua yangu ya Juni ichane. Sema, tena kwa sauti. Jone atalima magimbi kama baba yake. Naogopa, mwanangu, lakini sema.

Mama yako

Toowoomba, 31 Agosti

Shikamoo mama, na pole sana.

Nilikuwa nimenyamaza kazini kama ulivyotaka, na kumbe ukinyamaza huku unanyamaza kote. Hata kalamu ilinishinda.

Leo nimesema. Bibi akauliza maana yake, nikamweleza. Akasema, "Basi gusa, binti, maji yanapoa." Msimamizi alikuwa mlangoni, akasikia yote.

Nafika nyumbani Jumamosi. Kanisani waambie utakavyo. Nyuzi hizo asizitoe mtu. Nitazitoa mimi, nikishakuomba.

Mwanao Vini